Msiivunje maktaba ya Mwalimu: barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba za vyuo vikuu

Waheshimiwa wakuu wa maktaba za vyuo vikuu, nanyi mnaosimamia makumbusho na nyaraka za taifa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu milango ya ofisini nimekwisha kuibisha, na muda unatuishia.

Mwalimu wangu wa historia alifariki mwaka jana. Ameacha chumba kimoja cha vitabu katika nyumba yake ya Chumbageni, Tanga, na mjane wake, ambaye sisi wanafunzi wote tunamwita Mama, anataka jambo moja tu: chumba kile kiwe cha watu. Hauzi. Haombi hata gharama ya kuvisafirisha. Mimi naye tulikaa sakafuni siku mbili tukivihesabu, tukapata vitabu 3,200 na ushei. Karibu vyote ni vya Wagiriki: wa kale, wa enzi ya Roma, wa Bizanti, yaani dola ya Konstantinopoli, waliokuwa chini ya Waturuki, mpaka Wagiriki wa mashamba ya mkonge waliokuwa majirani wa babu zetu.

Tulipeleka orodha kwenye taasisi moja. Siitaji jina, kwani sikusudii kumwaibisha mtu, na waliotujibu walitujibu kwa adabu. Jibu lilikuwa la aya mbili. Watachagua vile vinavyoendana na mitaala. Vya Kigiriki hawavihitaji, kwa kuwa hakuna wasomaji. Vyenye maandishi ya penseli hawavipokei, kwa kuwa vimechafuliwa. Kadi na madaftari si mali ya maktaba. Vitakavyobaki, familia itafute wanunuzi.

Neno lile, "vimechafuliwa", lilininyima usingizi. Naomba niwafungulie kitabu kimoja.

Kila aliyesoma historia sekondari amelisikia jina la Periplus. Ni maelezo ya safari za bahari, yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikubaki. Darasani tunakariri kwamba inataja Azania, yaani pwani yetu, na bandari ya Rhapta, kisha tunasonga mbele. Mwalimu hakusonga mbele. Nakala yake ina Kigiriki ukurasa huu na tafsiri ukurasa wa pili. Penye kisiwa cha Menuthias, mwandishi anasema watu wa pale wana vyombo vya kushonwa, na wana namna yao ya kunasa kasa kwa vikapu vinavyotegwa kwenye milango ya maji badala ya nyavu. Mwalimu amepigia mstari neno la Kigiriki la kikapu, na pambizoni ameandika kwa penseli: "Dema? Au uzio? Muulize mzee wa Mwambani." Chini yake, kwa wino na kwa mwandiko wa miaka ya baadaye uliokwisha kuanza kutetemeka: "Nimemwuliza. Anasema ni wando. Maji yakitoka, kilichoingia kinabaki." Na penye jina Rhapta, ambalo linatokana na neno la Kigiriki la kushona, ameandika neno moja tu: mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani yetu.

Mkinunua nakala mpya mtaipata Periplus yote, safi. Mzee wa Mwambani hamtampata. Alikwisha kufariki, na alichomwambia Mwalimu kiko pale pambizoni, hakipo kwingine.

Mpangilio wa chumba nao una maneno yake. Mwalimu hakupanga vitabu kwa alfabeti wala kwa namba za maktaba. Alivipanga kwa bahari. Ukiingia, mkono wa kushoto ni Athens na Sparta na visiwa vyake. Unakwenda na ukuta unafika Aleksandria, kisha bandari za Bahari ya Shamu, kisha Aksum, na karibu na dirisha, pale upepo wa bahari unapoingia, ni pwani yetu. Konstantinopoli iko ukuta wa pili, imepakana na Venice na Waturuki. Mwanafunzi alikuwa akiingia na swali la Plato anatoka na kitabu cha biashara ya pembe za ndovu, kwa sababu macho yalilazimika kupita njia hiyo. Mkichukua vitabu 400 vinavyoendana na mitaala, njia hiyo imekatika, na hakuna orodha itakayoirudisha.

Huenda mkaona haya ni mapenzi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Basi twendeni Athens, tuone wenzetu walifanyaje.

Mwanahistoria George Finlay alizaliwa Uingereza 1799 katika familia ya Kiskoti. Alikuwa akisoma sheria Ujerumani. 1823 akaenda zake Ugiriki, vita vya kujikomboa kutoka dola ya Waturuki wa Osmania vikiwa vimepamba moto. Alikutana na mshairi wa Kiingereza Byron katika kisiwa cha Cephalonia, akawa naye katika mji wa Missolonghi muda mfupi kabla Byron hajafariki, Aprili 1824. Vita vilipokwisha Finlay hakurudi kwao. Alinunua shamba Attica, jimbo la Athens, akitaka kuwaonyesha wenyeji kilimo bora, na shamba likamfilisi. Alieleza mwenyewe sababu: kodi ya fungu la kumi. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kuondoa mavuno kwenye kiwanja cha kupuria mpaka mtoza kodi apime fungu lake, na mtu mmoja na jembe lake hawezi kushindana na utaratibu wa namna hiyo. Pesa zilipomwishia ndipo akageukia vitabu. Huko mjini Athens nako ardhi yake ilimezwa na bustani ya kasri la Mfalme Otto wa Ugiriki. Madai yake ya fidia yalivuta miaka, yakaja kuingia katika ugomvi wa 1850, manowari za Uingereza zilipoifunga bandari ya Piraeus.

Mtu aliyepitia hayo aliandika historia ya Ugiriki ya namna yake. Haianzi na Homer wala haiishii kwa Aleksanda Mkuu. Inaanza 146 kabla ya Kristo, Warumi walipoitiisha nchi, inakwenda mpaka 1864. Ni miaka 2,000 ya watu waliotawaliwa: kodi zao, sarafu zao, mashamba yao, sheria walizopangiwa na wengine. Mwalimu alikuwa akituambia kwamba hapo ndipo Mwafrika anapoweza kuingia katika historia ya Ugiriki bila kubisha hodi, kwa sababu maswali ni yale yale tunayojiuliza sisi. Finlay alifariki Athens 1875, akiwa ameacha kazi yake imejaa masahihisho. Toleo la Oxford la 1877, juzuu 7, lilichapishwa pamoja na masahihisho na nyongeza hizo alizoziandika kwa mkono wake. Nao, mwasemaje, ulikuwa uchafu?

Maktaba ya Finlay haikupigwa mnada. Mwaka 1899 ilifika katika taasisi ya utafiti ya Waingereza iliyofunguliwa Athens 1886, na iko huko mpaka leo, vitabu pamoja na shajara na barua zake. Ndani ya karatasi zake zimo pia za rafiki yake Frank Abney Hastings, nahodha wa Karteria, meli ya kivita ya mvuke ya Wagiriki, ambaye alifariki 1828 kwa jeraha la vita. Leo anayetaka kujua meli ile iliendeshwaje na mabaharia walilipwaje anakwenda kwenye karatasi za Hastings, na amezikuta kwa kuwa zilikuwa kabatini mwa Finlay na hakuna aliyesema kwamba karatasi si mali ya maktaba.

Na wasomaji walikuja lini? Katalogi kamili ya karatasi za Finlay ilichapishwa na mwanahistoria Joan Hussey 1973. Shajara na barua alizichapisha 1995. Hesabuni tangu 1899. Taasisi ile ilikaa na makasha ya marehemu mmoja zaidi ya miaka 70 kabla hajatokea mtu wa kuyafungua yote, na haikuyatupa kwa hoja ya kukosa wasomaji.

Wako wengine. George Grote, mtu wa benki wa London aliyeandika historia ya Ugiriki ya kale katika juzuu 12, hakuwahi kukanyaga Ugiriki hata siku moja. Ugiriki yake yote ilikuwa rafuni. Alipofariki 1871 aliiusia maktaba yake kwa Chuo Kikuu cha London, na kwa hiyo tunaweza kuona alikuwa na nini mkononi na alikosa nini. Edward Gibbon, aliyeifuata dola ya Roma mpaka kuanguka kwa Konstantinopoli 1453, hakupata bahati hiyo. Vitabu vyake vya Lausanne, ambavyo baadhi ya katalogi yake aliiandika nyuma ya karata za kuchezea, vilinunuliwa na tajiri mmoja baada ya kifo chake, kisha vikatawanyika. Wasomi wa karne ya 20 wakabaki kuiunda upya maktaba ile kwenye karatasi, jina kwa jina, kutoka katika orodha na minada.

Kuhusu pambizo nina la kuongeza, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda. Kardinali Bessarion, Mgiriki wa Trebizond, baada ya Konstantinopoli kuanguka alitumia mali yake kukusanya miswada ya Kigiriki popote ilipopatikana, na 1468 akaitoa yote kwa jiji la Venice, kama sisi wa pwani tunavyotoa wakfu. Ilikaa kwenye makasha kwa miongo mingi kabla haijajengewa nyumba. Katika miswada hiyo umo ule wa Iliad, utenzi wa Homer, wa karne ya 10 ambao wasomi wanautegemea kuliko mingine. Kilichoufanya uwe hazina ni maandishi yanayozunguka mashairi kila upande: hoja za wasomi wa Aleksandria, akina Aristarchus, ambao vitabu vyao wenyewe vilipotea zamani. Mtu alinakili pambizoni maneno ya walimu wake, na leo pambizo hiyo ndiyo imebaki badala ya vitabu vyenyewe.

Sasa nirudi Chumbageni. Chini ya meza ya Mwalimu kuna maboksi 14 ya viatu yaliyojaa kadi. Kila kadi ina kichwa kwa Kiswahili: Chumvi. Mkopo wa meli. Mahari. Kiapo. Njaa. Kadi ya Njaa inaanza na Solon, mtunga sheria wa kale, aliyekataza Athens isiuze nje mazao yoyote ila mafuta ya zeituni. Inafuata nafaka ya Bahari Nyeusi, na jinsi mji ulivyokosa chakula meli zilipozuiwa. Nyuma ya kadi, kwa wino mwekundu, ni Athens ya majira ya baridi ya 1941, chini ya Wajerumani, watu walipokufa njaa barabarani. Kila mstari una jina la kitabu na ukurasa, na kitabu hicho kipo rafuni, hatua tatu kutoka pale. Ni faharasa ya historia ya Ugiriki kwa Kiswahili, kazi ya zaidi ya miaka 40. Mimi nafundisha historia sekondari na sijawahi kuona nyingine. Kadi bila vitabu vile vile ni ufunguo usio na mlango, maana kurasa alizozitaja ni za matoleo yale aliyokuwa nayo.

Kisha kuna rafu ya mwisho, nyuma ya mlango, ambayo katika orodha tuliyopeleka tuliiandika kwa haraka "vitabu vya Kigiriki vya kawaida". Kosa hilo ni letu na naliomba radhi. Wagiriki walifika Tanganyika enzi za Wajerumani, wengi kwa kazi za ukandarasi wa reli, baadaye wakashika mashamba ya mkonge, kahawa na tumbaku. Baada ya Azimio la Arusha 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, familia zikaondoka, na vitu vyao vikauzwa pembeni mwa barabara. Mwalimu, kijana wakati huo, alikuwa akinunua karatasi ambazo wengine walizitaka kwa kufungia maandazi. Kwa hiyo pale kuna vitabu vya watoto vya kujifunzia kusoma, kalenda za kanisa, barua, na daftari moja kubwa la mahesabu ya shamba.

Daftari hilo nimelikalia jioni nyingi. Safu ya kwanza ni majina ya wafanyakazi, safu zinazofuata ni siku za kipande. Karani alikuwa Mgiriki, na aliandika majina ya watu wetu kwa herufi za kwao. Kigiriki hakina "sh", na "b" huandikwa kwa kuunganisha "m" na "p", basi Shabani anakuwa "Sampani". Ukurasa wa pili yuko Sampani aliyekatwa siku sita, na pembeni neno la Kigiriki ambalo Mwalimu amelifasiri kwa penseli: homa. Watafiti wa Ugiriki wanaoandika juu ya watu wao waliotawanyika duniani watalitaka daftari hili. Wajukuu wa Shabani nao wana haki nalo. Limeandikwa Kigiriki, na kwa jibu tulilopewa, linakwenda kwa mnunuzi wa karatasi.

Mnasema hakuna wasomaji wa Kigiriki. Vyuo vyetu vya theolojia vinafundisha Kigiriki cha Agano Jipya, na Kanisa la Orthodoksi lina mapadre Waafrika wanaokisoma. Hawajawahi kuitwa kwenye maktaba ya historia, kwa sababu hakuna kilichowangoja humo. Mtu mwingine aliniambia vitabu hivi vingi viko kwenye intaneti. Ni kweli kwa baadhi, na nashukuru kwamba viko. Wando wa Mwambani haumo.

Najua mna shida zenu. Najua paa linavuja huku na bajeti haifiki kule, na kwamba zawadi za vitabu mara nyingi ni mzigo: ensaiklopidia za zamani, vitabu vya kiada vya nchi nyingine, makasha yanayoletwa ili mtoaji apate nafasi nyumbani kwake. Mwongozo wenu wa kuchambua uliandikwa kwa ajili ya mizigo ya namna hiyo na sina ugomvi nao. Ninachoomba ni kwamba maktaba ya mwanahistoria iwe na mwongozo wake, ulioandikwa, ambao familia yoyote inaweza kuusoma kabla msiba haujafika. Useme kwamba inapokelewa nzima au haipokelewi. Useme kwamba kabla kitabu cha kwanza hakijaondolewa, kila rafu itapigwa picha na kuorodheshwa kwa mpangilio wake. Simu ya mkononi inatosha na mimi nimekwisha kuanza. Kadi, barua na madaftari yaingie mlango mmoja na vitabu. Maandishi ya pambizoni yatajwe katika katalogi, yasifutwe.

Joannes Gennadius, balozi wa Ugiriki kule London, aliwahi kubanwa na dhiki mpaka sehemu ya vitabu vyake ikauzwa kwa mnada 1895. Alianza tena kukusanya. Mwaka 1922 yeye na mkewe walitoa vitabu kama 26,000 kwa taasisi ya Wamarekani iliyoko Athens, kwa sharti kwamba vikae pamoja na vifunguliwe kwa wasomaji. Serikali ya Ugiriki ikatoa kiwanja, na 1926 jengo likafunguliwa. Mle ndani hakukuingia vitabu tu; yamo madaftari makubwa aliyobandikia vipande vya magazeti mwaka baada ya mwaka. Jina la jengo ni la baba yake, aliyekuwa mwalimu. Sisi hatuombi jengo la marumaru. Tunaomba chumba kimoja kisichovuja, chenye ukubwa kama wa kile cha Chumbageni, ili rafu zipangwe kama alivyozipanga.

Na kama hamwezi, tuambieni mapema. Mwezi uliopita tuliona njia ya mchwa imepanda mguu wa rafu ya Bizanti. Mimi na Mama tuliibomoa, tukamwaga mafuta ya taa chini, tukahamishia vitabu vya rafu ya chini kitandani. Masika yakianza, chumba kile kina unyevu, na nyumba yenyewe inabidi ipangishwe ili Mama apate cha kumtunza.

Mama hajui Kigiriki. Alimaliza darasa la saba, na kadi za Mwalimu alikuwa akizikata yeye, kwa mkasi, kutoka kwenye maboksi ya sabuni, usiku mwingine kadi mia moja. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, hao wakubwa wamekwisha kukiona chumba, au wameona orodha tu?" Nikamwambia wameona orodha. Akasema basi waje.

Niko pale kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, naendelea kupiga picha rafu. Mimi ndiye nitakayewafungulia mlango.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Tanga